Uliza Fundi: Herufi Zimevimba, Picha Inakwama

Barua za safari hii karibu zote zinahusu draiva ya skrini, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi yake ya picha, kwenye kompyuta zilizotoka kiwandani zaidi ya miaka kumi iliyopita: Dell na HP za mtumba, laptopu zilizorithiwa kwa kaka, na chache zilizochomekwa kadi ya grafiki ya bei ndogo. Tumezifupisha barua, lakini maana yake hatukuigusa. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye Windows ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi.

Vijana wangu, habari za kazi. Nina Dell OptiPlex 380 ya kuandikia mitihani na kuangalia taarifa ya habari YouTube. Fundi ameiwekea Windows 10 upya. Sasa herufi zimekuwa nene kama za bango, skrini yangu ya inchi 19 imegoma kwenye 1024 kwa 768, video zinakatakata, na hata neno "Sleep" limetoweka kwenye menyu ya kuzima. Fundi anasema kadi imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?
*Mwalimu mstaafu, Moshi*

Shikamoo Mwalimu. Usinunue kitu bado. Dalili zote nne ulizotaja zina chanzo kimoja: Windows haijapata draiva ya kadi yako, kwa hiyo inaendesha skrini kwa draiva yake ya dharura. Draiva hiyo inajua kuchora picha tu. Haijui ukubwa halisi wa skrini yako, haijui kulaza mashine, na kazi yote ya video inaitupia prosesa.

Hakikisha hivi. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows, chagua Device Manager, kisha fungua Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", jibu umelipata. (Kwenye Windows 7 jina lake ni "Standard VGA Graphics Adapter".)

Sasa hatua ambayo mafundi wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kila kitu: kusoma namba ya utambulisho ya kadi. Bofya kulia juu ya jina hilo, Properties, kichupo cha Details, na kwenye kisanduku cha Property chagua Hardware Ids. Mstari wa kwanza utafanana na huu:

PCI\VEN_8086&DEV_2E32&SUBSYS_...

Tarakimu zinazofuata VEN ni za mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD pamoja na ATI ya zamani. Zinazofuata DEV ni za kadi yenyewe. OptiPlex 380 inatumia chipseti (chipu kuu za ubao wa ndani) ya Intel G41, ambayo kadi yake ya ndani ni 2E32. Ukiona namba nyingine, basi kuna mtu aliwahi kuchomeka kadi ya ziada, na maelezo yanayofuata utayatumia kwa namba hiyo uliyoiona. Stika ya Dell iliyo ubavuni isikuongoze hapa. Mashine za mtumba hubadilishwa vitu vya ndani mara nyingi, lakini stika hubaki ileile.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukienda kutafuta kwenye tovuti ya Intel draiva ya G41 kwa Windows 10, hutaipata, kwa sababu Intel haikutengeneza. Inayofanya kazi ni ile ya enzi ya Windows 7, toleo 8.15.10.2702, ambayo Microsoft wenyewe wanaisambaza. Mara nyingi huingia yenyewe pale mashine inapopata intaneti. Fundi wako pengine aliweka Windows bila intaneti, akaondoka.

Kwa hiyo anza na njia rahisi. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa USB tethering (simu kuigawia kompyuta intaneti yake), kisha ingia Settings, Update & Security, Windows Update, ubofye Check for updates. Ikimaliza, angalia kama kuna View optional updates, na ndani yake Driver updates. Ukiiona Intel pale, itiki, ipakue, uwashe mashine upya. Angalizo la bando: Windows iliyowekwa leo itataka kupakua masasisho mengine makubwa pia. Kama una bando dogo, ruka hatua hii.

Njia ya pili inatumia bando dogo zaidi. Fungua catalog.update.microsoft.com na kwenye kisanduku cha kutafutia andika VEN_8086&DEV_2E32. Yatatokea matokeo kadhaa yanayofanana. Bofya jina la tokeo ili uone maelezo yake, na soma mstari wa Architecture. Hapo watu wengi hukwama: "AMD64" maana yake ni Windows ya biti 64, hata kama prosesa yako ni Intel. "X86" ni biti 32. Ya kwako utaiona ukibofya kulia This PC, Properties, mstari wa System type. Draiva ya biti 64 haiingii kwenye Windows ya biti 32, wala kinyume chake, hata ufanyeje.

Faili utakalopakua linaishia na .cab, na ukilibofya mara mbili halijisakinishi. Tengeneza folda C:\draiva na ndani yake nyingine iitwayo wazi. Hamishia faili kwenye folda ya kwanza, ulipe jina fupi, tuseme intel.cab. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa Run as administrator, uandike:

expand -F:* C:\draiva\intel.cab C:\draiva\wazi

Folda ya wazi lazima iwepo kabla ya kubonyeza Enter, la sivyo amri inakataa. Baada ya hapo rudi Device Manager, bofya kulia kadi, kisha fuata mlolongo huu: Update driver, Browse my computer for drivers, Let me pick from a list, Have Disk, Browse. Nenda C:\draiva\wazi, chagua faili la .inf (kwa biti 64 kwa kawaida ni igdlh64.inf), kisha OK na Next. Skrini itazimika sekunde chache na kurudi. Usishtuke, na usizime umeme. Ikimaliza, washa upya.

Ukiambiwa folda haina draiva inayofaa kifaa chako, usianze kupakua ovyo. Fungua lile faili la .inf kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F, utafute DEV_2E32. Namba ikikosekana, umechukua draiva isiyo yako. Ikiwepo, tatizo karibu kila mara ni biti 32 na 64.

Kama ni skrini pana ya inchi 19, ukubwa wake halisi kwa kawaida ni 1440 kwa 900. Ichague kwenye Display settings, ambako Windows itaandika "Recommended" pembeni yake. "Sleep" nayo itarudi.

Video zitapungua kukatakata, ila usitarajie makubwa. Kadi ya G41 haina sehemu ya kufungua video za H.264 (mfumo wa kubana video unaotumika sana), kwa hiyo prosesa bado itabeba kazi hiyo. Weka YouTube kwenye 480p, na taarifa ya habari utaiona vizuri. Fahamu pia kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mitihani haina neno, lakini mambo ya benki yafanyie kwenye simu.

Laptopu yangu ina Intel HD Graphics 3000. Nimepakua draiva ya Intel, nikifungua Setup inaniambia draiva haijathibitishwa kwa kompyuta hii, niitafute kwa mtengenezaji. Nimechoka.
*Msomaji, Tabora*

Pole ndugu. Ujumbe huo hausemi kuwa draiva ni mbovu. Setup imegundua kuwa mtengenezaji wa laptopu aliweka draiva aliyoirekebisha mwenyewe, ikakataa kuifuta. Kama unatumia Windows 10, achana na hiyo Setup kabisa: draiva ya mwisho ya HD 3000 ni 9.17.10.4459, na inakuja kwa Windows Update. Kama ni Windows 7, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji na uandike modeli kamili iliyo chini ya laptopu, mpaka herufi ya mwisho. Draiva ya huko ikishindikana, pakua ya Intel iliyo kwenye zipu, uifungue, na uiingize kwa Have Disk kama tulivyomweleza Mwalimu hapo juu. Njia hiyo haipitii ukaguzi wa Setup. Gharama yake: kwenye baadhi ya laptopu vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga huacha kufanya kazi.

Nimeweka kadi ya GT 710 kwenye mashine yenye Windows 7. Draiva inaingia hadi mwisho, nikiwasha upya kuna alama ya njano na "Code 52". Rafiki amenionyesha kubonyeza F8 na kuzima ukaguzi wa saini, ikakubali, kesho yake ikarudi palepale.
*Msomaji, Kisumu*

Ile ya F8 hudumu kwa uwashaji mmoja tu. Ukizima, ukaguzi unarudi. Tena si vizuri kuizoea, kwa sababu unaifungulia mlango draiva yoyote, hata ya wezi.

Code 52 ina maana Windows imeshindwa kuisoma saini ya kidijitali ya draiva. Draiva mpya za NVIDIA zimetiwa saini ya aina ya SHA-2, na Windows 7 iliyotoka kwenye DVD haiijui saini hiyo. Unaifundisha kwa vitu vitatu, kwa mpangilio huu: Service Pack 1 (sasisho kubwa la Windows 7) kama haipo, kisha masasisho mawili ya Microsoft, KB4490628 na baadaye KB4474419. Washa upya baada ya kila kimoja. Vyote viwili vya KB viko kwenye ile katalogi ya Microsoft, na hapo napo chagua kwa biti zako. Ukitanguliza cha pili kabla ya cha kwanza unaweza kupata ujumbe kwamba sasisho halihusiki na kompyuta yako, ukadhani umepakua faili baya. Baada ya hapo ondoa draiva, uiweke tena.

Angalia na saa ya kompyuta. Kwenye mashine za umri huu betri ya mazabodi (ubao mkuu wa ndani), CR2032, huwa imekwisha, na kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma. Tarehe ikiwa ya uongo, kivinjari kinakataa kufungua tovuti za kupakulia kikidai muunganisho si salama. Mtu anahangaika na modemu siku nzima, kumbe ni betri.

Na kama Windows yako ni ya biti 32, acha kabisa kutafuta draiva mpya. NVIDIA iliachana na biti 32 baada ya toleo la 391.35 la mwaka 2018. Chukua hilo, linatosha.

Kadi mbili za GeForce GT 730, duka moja, bei moja. Moja imepokea draiva ya 47x (470 na kuendelea), nyingine inasema haikuona kifaa kinachofaa. Nimeuziwa feki?
*Msimamizi wa maabara ya kompyuta, Dodoma*

Si lazima. NVIDIA iliuza chipu tofauti kwa jina hilohilo. GT 730 yenye DEV_1287 ni ya kizazi cha Kepler na inapokea draiva za mfululizo wa 470. Yenye DEV_0F02 ni ya Fermi, kizazi kilichotangulia, na draiva zake ziliishia 391.35. Zote ni halali. Jina lililo kwenye boksi halisaidii kitu hapa, soma namba.

Kwa kuwa maabara huwa na mchanganyiko, nakili hii ukutani. GeForce za mfululizo wa 8, 9, 100, 200 na 300 (zikiwemo 8400 GS, 9400 GT na ile 210 iliyojaa mitaani) zinaishia 342.01 ya Desemba 2016. Chipu za Fermi, yaani 400 na 500 pamoja na baadhi ya 600 na 700, zinaishia 391.35. Radeon HD 5000 na 6000 zinaishia Catalyst 15.7.1 ya Julai 2015, na baada yake likatoka toleo la majaribio la Crimson 16.2.1. Ukishaweka toleo la mwisho, umemaliza. Hakuna jipya linalokuja, na programu inayokuambia draiva hiyo "imepitwa na wakati" inakusukuma uweke isiyo yako.

Hilo linajibu na barua tatu zilizouliza kuhusu zile programu za kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Kwenye mashine mpya ni kero tu. Kwenye mashine ya zamani ni hatari, kwa sababu zinalinganisha namba za matoleo bila kujali kwamba kadi yako ilishaachwa nyuma. Hatuzipendekezi hata moja.

Nimechomeka kadi, feni inazunguka, skrini inasema "No Signal". Nikiichomoa, picha inarudi.
*Msomaji, Mombasa*

Waya wa skrini uko wapi? Kama bado uko kwenye tundu la VGA la mazabodi, uhamishie kwenye tundu la kadi. Kompyuta nyingi huzima kadi ya ndani zinapoona ya nje. Kama umeshauhamisha na bado giza, chomoa kadi, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows), utafute mpangilio wa skrini ya kwanza, uuweke kwenye PCIe (tundu la kadi ya ziada) au Auto, kisha uirudishe kadi. Ibonyeze hadi kile kishikizo cha mwisho wa tundu kilie "tak". Kwenye kasha jembamba kadi hukaa imeinuka upande mmoja kwa sababu bati lake la nyuma ni refu. Omba bati fupi, huwa linakuja ndani ya boksi. Umeme nao uangalie: GT 710 inakula wati 19, haina shida, lakini kadi yenye tundu la pini 6 juu yake haiwaki sawasawa mpaka nalo lipate waya kutoka kwenye pawa saplai.

Nimechagua ukubwa wa juu zaidi, skrini ikaandika "Out of Range". Sioni kitu.
*Msomaji, Bukoba*

Usiguse kitu, hesabu sekunde 15. Windows itarudisha mpangilio wa zamani yenyewe. Kama ulishabofya Keep changes, kwenye Windows 7 washa upya huku ukigonga F8, chagua Enable low-resolution video. Kwenye Windows 10, ukifika kwenye ukurasa wa kuingia nenosiri (kama hauonekani, azima skrini nyingine), shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 3.

Draiva niliyoiweka kwa mkono inafanya kazi vizuri, ila kila baada ya siku chache Windows 10 inaibadilisha na skrini inaanza kumetameta.
*Msomaji, Bujumbura*

Kwanza rudi nyuma: Device Manager, Properties za kadi, kichupo cha Driver, Roll Back Driver. Kisha bonyeza vitufe vya Windows na R pamoja, andika sysdm.cpl, kichupo cha Hardware, Device Installation Settings, chagua No. Ikiwa Roll Back imefifia na haibofyeki, mabaki yamechanganyika. Pakua Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta mabaki ya draiva za skrini, ihifadhi pamoja na draiva unayoitaka, chomoa intaneti, ingia Safe Mode, yaani Windows inayowaka na vitu vya lazima tu (namba 4 kwenye ile menyu ya Startup Settings), isafishe, washa upya, weka draiva yako, na hapo ndipo uirudishe intaneti. Ukiacha intaneti imechomekwa, Windows itaiwahi nafasi kabla yako.

Nilipata GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa bei ya kutupwa. Bila draiva skrini inaonyesha. Nikiweka draiva ya NVIDIA, giza au "Code 43". Nimejaribu matoleo yote.
*Msomaji, Nairobi*

Ndugu, geuza kadi uangalie matundu ya nyuma. Lipo la VGA, lile la buluu lenye pini 15? Kama lipo, hiyo ni dalili kubwa kwamba si 1050 Ti. Chipu za kizazi hicho, kilichotoka 2016, hazitoi picha ya VGA. Kuna kadi za zamani, nyingi zikiwa GTS 450, zilizoandikiwa BIOS ya uongo ili zijitaje kwa jina kubwa. Hii ndiyo hali moja ambapo hata ile namba ya DEV inaweza kukudanganya. Draiva inaiamini namba, inajaribu kuamsha vitu ambavyo chipu haina, na skrini inazimika.

Pakua GPU-Z, programu inayosoma chipu ya kadi, toleo la 2.12 au jipya zaidi. Ikitambua udanganyifu itaandika [FAKE] mbele ya jina. Hakuna draiva itakayoponya hiyo. Rudisha kadi dukani ukiwa na picha ya ukurasa huo, na safari nyingine ibebe GPU-Z kwenye flashi, uiendeshe pale kaunta kabla hujatoa pesa.

Shule yetu imehamia Linux. Draiva ya Intel tunaiweka vipi?
*Mwalimu wa TEHAMA, Iringa*

Hamuiweki, Mwalimu, imo ndani ya kaneli, kiini cha Linux chenyewe. Andika lspci -nnk kwenye terminali, utafute mstari wenye VGA. Chini yake pawepo "Kernel driver in use: i915". Kwa Radeon za zamani ni radeon, kwa GeForce ni nouveau. Mstari huo ukikosekana na picha ni kubwa kupita kiasi, fungua /etc/default/grub: aghalabu aliyesakinisha aliacha neno nomodeset, linaloizuia kaneli kutumia draiva ya kadi, ambalo alilitumia siku ya kwanza ili skrini iwake. Lifute, endesha sudo update-grub, uwashe upya.